Kifo cha Socrates kwenye kanvasi: nakala ya Kariakoo, sentimita 60 kwa 90

Mchoro huu wa Jacques-Louis David wa mwaka 1787 uko Metropolitan Museum of Art, New York, nao una sentimita 129.5 kwa 196.2. Ukiupunguza hadi 60 kwa 90 uwiano karibu haubadiliki, kwa hiyo saizi imechaguliwa vizuri. Nakala yenyewe inaridhisha, lakini si kwa kila kitu.

Faili kwanza. Makumbusho hayo yanatoa picha bure kwenye tovuti yao. Mpelekee mchapaji hiyo, asijitafutie ya kwake. Upana wa sentimita 90 unataka pikseli 5,300 hivi, yaani nukta 150 kwa inchi. Kagua katikati: Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyehukumiwa kifo, ananyoosha mkono kupokea kikombe cha sumu bila hata kukitazama, huku mkono wa pili umeinuliwa, bado anafundisha. Ule mwanya mdogo kati ya vidole na kikombe ndio roho ya mchoro. Faili hafifu huuziba. Hapa umebaki wazi.

Nyekundu ya nguo ya mleta kikombe imekolea vizuri. Ukuta wa gereza umeharibika: ni mweusi tii, na ngazi za nyuma kushoto, wanakopandia wanaoondoka, zimemezwa. Mwambie mchapaji afungue vivuli peke yake, yaani aangaze sehemu za giza tu, halafu atoe kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 20 kwa 20. Mtazame Plato, mwanafunzi wa Socrates, mzee aliyeketi miguuni pa kitanda (mwaka 399 KK alikuwa kijana, na kwa maandishi yake mwenyewe hakuwepo, aliugua). Nguo zake za kijivujivu zikielekea kijani, mashine haijasawazishwa rangi.

Kasoro kubwa iko ukingoni. Fundi fremu amekunja picha yenyewe, na wanafunzi wa mwisho upande wa kulia wamehamia ubavuni. Agiza ichapwe 70 kwa 100, sentimita 5 za ziada kila upande zikiwa marudio ya picha yaliyogeuzwa kama kwenye kioo: 3 za unene wa ubao, 2 za kupigia stepla.

Wino wa solventi (wenye kiyeyusho cha kemikali) uachwe ukauke siku nzima. Kanvasi ikivutwa mapema, rangi hupasuka kwenye kona. Kwa unyevu wa Dar, mbao mbichi hupinda na kanvasi hulegea, hivyo dai mbao kavu na kabari kwenye kona. Fremu ya plastiki ya dhahabu wanayokushawishi uongeze, achana nayo.