Darasa la dawa za maumivu: nyota nne, ya tano wameipoteza kwenye tramadoli

Nilienda kwa shingo upande nikijua ni yale mambo ya kusomewa slaidi mpaka usingizi unakukamata, kumbe hawa wafamasia waliwaambia watu waje na dawa zao za nyumbani. Kila mtu akamwaga mfuko wake mezani halafu wakaanza kutuonyesha yale maandishi madogo chini ya jina la biashara. Hapo ndo watu walibaki midomo wazi. Dada mmoja alikua na Panadol na vidonge vya mafua, anameza vyote kwa mpigo, kumbe ndani ni parasetamoli hiyohiyo! Mtu mzima mwenye afya kikomo ni gramu 4 kwa saa 24, yani vidonge 8 vya miligramu 500, na kati ya dozi na dozi uache angalau saa 4, sasa ukijumlisha na vya mafua unapitiliza bila kujua. Na ini linaweza kuharibika huku siku ya kwanza unasikia kichefuchefu tu au huna dalili yoyote, kwa hiyo ukizidisha unawahi hospitali, husubiri kuumwa.

Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu, dawa za maumivu za kundi moja, hazimezwi pamoja, na mwenye vidonda vya tumbo, tatizo la figo au mjamzito asijinunulie kiholela. Mzee mmoja akabisha eti yeye anazimeza zote mbili na hajawahi kufa, mfamasia wala hakumkaripia, akamuuliza tu "tumbo lako linaendeleaje mzee wangu?" ukumbi ukaangua kicheko maana jibu lilikua usoni.

Kilichonikuna zaidi ni sirapu za watoto. Chupa mbili za parasetamoli, moja ina miligramu 120 kwenye mililita 5, nyingine 250, kwa macho zinafanana kabisa, na mama anampa mtoto "kijiko kimoja" cha chai bila kuangalia uzito wa mtoto wala kutumia kile kikombe cha kupimia.

Ila tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, wameipa dakika za mwisho watu washaanza kunyanyuka, jamani! Dawa inayoleta uraibu, inayoweza kusababisha degedege, na ukichanganya na pombe au dawa za usingizi pumzi inaweza kukata. Vijana walikua na maswali kibao wakaambiwa muda umeisha, sijapenda.

Ukienda beba dawa zako zote hata zile za mwaka juzi, mikono mitupu utaishia kuchungulia za wenzako.