Fredericksburg, Texas: anza na nyumba za kale, maduka yasubiri

Kutoka San Antonio ni mwendo wa saa moja na ushee kwa gari. Wengi wanaokwenda Fredericksburg wanafuata divai na mapichi, na Jumamosi hata pa kuegesha gari ni shida. Mimi nilifuata majengo ya wahamiaji wa Kijerumani walioanzisha mji huu mwaka 1846 chini ya John O. Meusebach.

Ushauri wangu: ingia kwanza Pioneer Museum, pale pale Main Street, barabara kuu ya maduka. Si jumba la kabati za vioo; ni kiwanja chenye nyumba halisi, unatoka hii unaingia ile. Ya familia ya Kammlah ni ya 1849, na kwa miaka mingi ilikuwa makazi na duka pamoja. Tazama kuta zake za mwanzo: fremu ya mbao, katikati imejazwa mawe. Aliyekulia kwenye nyumba ya miti na udongo ataelewa ufundi huo bila kuhitaji mwongozo.

Kilichonishika zaidi ni kijumba cha familia ya Weber, cha 1904. Huku wanaziita nyumba za Jumapili. Mkulima aliyeishi mbali shambani alijenga kijumba mjini, Jumamosi akaja na familia kufanya manunuzi, wakalala, asubuhi wakaenda kanisani, kisha wakarudi shamba. Nyumba nzima kwa ajili ya usiku mmoja kwa wiki! Ukizunguka mitaa ya nyuma utaziona nyingine bado zimesimama, nyingi zikiwa na ngazi ya nje ya kupandia darini. Matembezi hayo ni bure, na kwangu yalizidi Main Street yote.

Vereins Kirche, lile jengo la pembe nane lililo kwenye kila kadi ya posta, ni nakala ya miaka ya 1930. La asili, la 1847, lilikuwa kanisa, shule na ukumbi kwa pamoja, likabomolewa mwishoni mwa karne ya 19. Dakika kumi zinatosha. Hapo hapo uwanjani kuna sanamu ya mapatano ya 1847 kati ya Meusebach na Wakomanche, wenyeji wa asili wa eneo hili. Usiipite, maana bila mapatano hayo walowezi wasingelima kwa amani katika nchi ya wenyewe.

Makumbusho ya vita vya Pasifiki, vya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ni makubwa na yamepangwa vizuri mno, lakini usiyachanganye na mengine siku moja. Yapo hapa kwa sababu Admirali Chester Nimitz, aliyeongoza wanamaji wa Marekani katika vita hivyo, alizaliwa mji huu mwaka 1885, na hoteli ya babu yake, yenye sura ya meli, sasa ni sehemu ya makumbusho.

Kwa chakula cha Kijerumani natoa nyota tatu: soseji safi, bei ya kitalii. Kwa nyumba za kale, tano. Nenda siku ya kazi, asubuhi, na viatu vya kutembelea.