Utada Hikaru: zipi ununue, zipi uziache, na kwanini usianzie First Love

Ukimtaja mwimbaji wa Japan Utada Hikaru kila mtu anakimbilia First Love, ile ngoma ya piano, na tangu Netflix watoe ile tamthilia iliyojengwa juu ya huo wimbo mwaka 2022 ndo imekuwa balaa kabisa, watu wanadhani mtu ana kibao kimoja maisha yake yote. Ni ngoma kali, sibishi. Ila kama unataka kutoa hela yako kwa kazi zake, iwe CD, iwe santuri, au hata kama unastrimu tu unataka ujue pa kuingilia, mi nakwambia usiingilie hapo. Anza na Bad Mode ya 2022 alafu rudi nyuma. Najua kuna watu washanuna, ngojeni niseme.

Kwa ambao hawamjui kabisa: kazaliwa New York mwaka 1983, mama yake ni Fuji Keiko, jina kubwa sana kwenye enka, ule muziki wa Kijapani wa majonzi na sauti ya kutetemeka, na baba yake Utada Teruzane ndo prodyuza aliyekuwa naye toka mwanzo. Singo ya kwanza ya Kijapani, Automatic, ilitoka Desemba 1998 akiwa na miaka 15 tu. Hiyo singo ina kituko chake, ilitolewa siku moja kwa saizi mbili, CD ndogo ya sentimita 8 na ya kawaida ya sentimita 12, na chati ya mauzo ya Japan, Oricon, ikawa inazihesabu kila moja kivyake, kwahiyo wimbo uliobadilisha pop ya Japan haujawahi kukaa namba 1. Mashairi na melodi anaandika mwenyewe toka siku hiyo mpaka leo. Hilo watu wanalipita haraka sana.

Sasa First Love yenyewe, albamu, Machi 1999. Imeuza zaidi ya nakala milioni 7.6 Japan peke yake, na hakuna albamu iliyowahi kuifikia kule. Matokeo yake kwa mnunuzi ni mazuri, zimezagaa. Ukiingia duka lolote la mitumba kule, Book Off kwa mfano, utaikuta imejipanga shelfu zima kwa yeni mia chache, wakati CD mpya ya albamu huwa ni kama yeni 3,000 na haipungui popote kwasababu sheria yao inaruhusu kampuni ya muziki kupanga bei moja ya rejareja nchi nzima. Kwahiyo kwa hela hiyo ichukue tu, haikuumizi. Lakini ukiisikiliza leo yote mwanzo mwisho utaona nyimbo nne tano zinasimama na zilizobaki ni R&B ya miaka ya tisini mwishoni iliyotengenezwa vizuri na watu wazima wakimzunguka mtoto mwenye kipaji. Kinachoshangaza ni uimbaji wake. Sikiliza ubeti wa kwanza wa Automatic, anakata maneno katikati kabisa, nusu ya neno anaiacha kwenye biti hii nusu anaidondosha kwenye biti inayofuata, Kijapani kilikuwa hakiimbwi hivo kwenye redio, ilikuwa kama anaicheza lugha yenyewe ngoma. Na kwenye First Love wenyewe mstari wa kwanza unazungumzia busu la mwisho lenye ladha ya sigara, mtoto wa miaka 15 kaandika hicho kitu, mpaka leo sielewi kakitoa wapi.

Distance ya Machi 2001 naipita haraka. Inakumbukwa zaidi kwa vita, ilitoka siku moja na mkusanyiko wa Hamasaki Ayumi, mwimbaji mwingine mkubwa wa Japan, na ikauza nakala milioni 3 ndani ya wiki ya kwanza. Hesabu za namna hiyo hazijarudi tena Japan. Kama albamu ni ndefu kuliko pumzi yake, ina Can You Keep A Secret? ambayo bado inapiga, mengine nadra kuyarudia.

Pale ambapo mambo yanaanza kunoga kwangu ni Deep River, Juni 2002. Hapa unaanza kusikia mkono wake kwenye mpangilio wa muziki, sio kuandika na kuimba tu. Traveling ina ile furaha ya mtu anayewahi mtoko ijumaa usiku lakini chini yake kuna kitu kinasikitika, Sakura Drops inaanza kama balladi alafu mwishoni sauti zinapandana juu ya sauti mpaka hujui ipi ni ipi. Na Final Distance, ambao ni ule wimbo Distance kauvunja kaujenga upya taratibu kwa piano na nyuzi, kautoa kwa kumkumbuka mtoto mmoja kati ya waliouawa kwenye lile shambulio la shule ya msingi kule Osaka mwezi Juni 2001. Ukishajua hilo huwezi tena kuusikia kama wimbo wa mapenzi.

Alafu Ultra Blue, Juni 2006. Jamani. Hii mashabiki wengi waliokuja kwa First Love waliikimbia na mi naona ndo ya kwanza ambayo ni ya kwake kabisa, mipangilio karibu yote kafanya mwenyewe, ni vinanda vya kielektroniki na ngoma za mashine zinazogongana kwa namna isiyo na adabu kidogo, Passion haina hata muundo wa kawaida wa ubeti na kiitikio, inaelea tu kama upo ndani ya maji. Ni wimbo wa gemu, Kingdom Hearts II, fikiria wanaokuja kuchukua wimbo wa gemu wanapewa kitu kama kile. Kasoro yake ni sauti ya rekodi, imebanwa sana, ukiweka hedifoni nzuri nyimbo za kasi zinachosha masikio, nafasi ya kupumua hakuna. Nyakati zile kila mtu alikuwa anafanya hivo kwahiyo sio kosa la mmoja, ila ukiifuatanisha na kazi za sasa unalisikia pengo.

Heart Station ya 2008 ndo ya kumpa mtu asiyependa usumbufu. Tamu yote. Ina Flavor of Life toleo la balladi, ile ya tamthilia ya Hana Yori Dango 2, wimbo uliopakuliwa kwenye simu za Wajapani kwa mamilioni enzi za milio ya simu, ina Beautiful World ya filamu ya katuni ya Evangelion, ina Prisoner of Love, na katikati ya utamu wote huo kaweka Boku wa Kuma, wimbo wa watoto, dubu anajitambulisha kwamba yeye ni dubu, basi. Wapo wanaoruka huo wimbo. Wasiopenda dubu hawana moyo.

Zile za Kiingereza, Exodus ya 2004 na This Is the One ya 2009, hizi kwenye kava zimeandikwa Utada tu kwahiyo ukitafuta kwa jina kamili zinaweza kukupita. Marekani hazikufanya kitu cha maana. Exodus ni ya ajabu kwa uzuri, kampuni kubwa ya Marekani imempa prodyuza Timbaland na hela alafu yeye kaenda kutengeneza vitu vya kichaa, Devil Inside ina mlio wa nyuzi za Kijapani juu ya biti ya klabu, na kuna Easy Breezy ambayo kiitikio chake kinafanya utani juu ya Ujapani wake mwenyewe mpaka unataka kujificha chini ya meza. Naipenda hivohivo. This Is the One ndo ile safi iliyopigwa pasi, imenyooka mpaka imekosa mtu ndani. Hiyo iache.

Mwaka 2010 akasema anapumzika, akaaga na Single Collection Vol. 2 ambayo ina diski nzima ya nyimbo mpya, Goodbye Happiness ikiwemo, kwahiyo usiiruke ukidhani ni marudio kama ile Vol. 1 ya 2004 isiyo na wimbo hata mmoja mpya. Vol. 1 kwa sasa haina kazi tena. Agosti 2013 mama yake akafariki.

Na Septemba 2016 ikaja Fantôme.

Hapa ndo nataka tukae kidogo. Kwanza kama bidhaa: ilitoka toleo moja tu, CD, hamna DVD ya nyongeza, hamna kava tano tofauti za kukufanya ununue mara tano, hamna tiketi ya kwenda kushikana mkono na msanii. Kwa soko la Japan la wakati ule hicho ni kitu cha kishujaa, makampuni yalikuwa yanaishi kwa hizo mbinu. Na ikakaa namba 1 wiki kadhaa. Pili, ngoma zenyewe. Hanataba wo Kimi ni ulikuwa wimbo wa kufungulia tamthilia ya asubuhi ya NHK, televisheni ya umma ya Japan, ile ambayo familia nzima inaangalia ikiwa mezani, una mdundo mwepesi unaweza ukaupiga hata harusini. Sasa sikiliza unachosema mwanzoni: mtu ambaye kwa kawaida hapaki chochote usoni, asubuhi hii kapakwa poda kidogo. Ukiunganisha na mama yake unaelewa ni asubuhi ya namna gani na nani kampaka. Na shada la maua la kwenye jina la wimbo linaenda wapi. Kaupeleka huo wimbo kila asubuhi kwa nchi nzima, watu wanakunywa supu, hakuna anayeshtuka. Manatsu no Tooriame ndo upande wa pili wa huohuo msiba, ule hauna mdundo wa kukuficha, piano na pumzi tu, na pumzi wameziacha makusudi, unasikia anavyovuta hewa kabla ya kila mstari. Alafu ili usife kwa huzuni kuna kolabo na mwimbaji Shiina Ringo, Nijikan Dake no Vacance, watu wawili walioanza sanaa mwaka mmoja wanaimba habari ya kutoroka familia kwa saa mbili. Safi sana. Ule na rapa KOHH wengine wanausifu, mimi nauona mzito kwa nafasi uliyowekwa.

Hatsukoi, Juni 2018, jina lina maana ileile ya First Love, kalirudia kwa Kijapani miaka 19 baadaye na yeye ni mzazi sasa. Wimbo wenye jina hilo una nyuzi zinazodunda kama mapigo ya moyo na haujaribu kabisa kuwa balladi ya kuimbwa karaoke. Albamu nzuri, imepoa kidogo katikati.

Ndo tunafika Bad Mode. Ilitoka mtandaoni 19 Januari 2022, siku yake ya kuzaliwa, CD ikafuata Februari. Kijapani na Kiingereza kachanganya kwa mara ya kwanza bila kujificha kwenye jina lingine, na kawaita watu wa muziki wa kielektroniki wa Uingereza, A. G. Cook na Floating Points, anaishi London sikuhizi. Wimbo wa jina la albamu ni wa kumbembeleza mtu aliyevurugwa kichwani, anamwambia tupuuze barua pepe, tuangalie Netflix na nguo za kulalia, tuagize chakula Uber Eats, na kuna kidonge cha diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi, wanakigawana nusu kwa nusu. Ule mstari anaupita kwa sauti laini kabisa kama anakupa biskuti. Kuna balladi ngapi za pop unazijua zenye upendo wa namna hiyo? Na wa mwisho, Somewhere Near Marseilles, dakika karibu 12, mtu yupo London mwenzake Paris wanapanga wakutane kiangazi, basi habari yote ndo hiyo, alafu biti ya haus inatembea inatembea na besi inaanza kukwaruza taratibu mpaka ukija kustuka maneno yalishaisha kitambo wewe bado unatikisa kichwa. Mtu aliyekata maneno katikati kwenye Automatic hapa anayaacha kabisa.

Kwa CD ya Bad Mode, mwishoni kuna nyimbo nne za nyongeza, marimiksi na matoleo mengine, Beautiful World iliyopikwa upya ndo inastahili, hizo nyingine zinaharibu ule ukimya baada ya Marseilles kwahiyo mi nazima kabla. Toleo la kwanza lenye diski za video lina ile shoo ya Air Studios London, bendi inapiga laivu chumba kizima, ukilipata kwa bei ya kibinadamu beba. Likiwa limepandishwa bei na walanguzi liache, muziki ni uleule.

Swali ninaloulizwa sana ni hili la Science Fiction, mkusanyiko wa Aprili 2024, nyimbo 26 kwenye diski mbili, si ndo rahisi kuanzia hapo? Ndio na hapana. Wamemiksi upya nyimbo nyingi za zamani na kazi imefanyika haswa, Colors sasa ina hewa, ile kubanwa niliyolalamikia imepungua sana. Addicted to You, Traveling na Hikari kaziimba upya kabisa, sauti imeshuka imeiva, na Hikari ndo inayofaidi zaidi. Ila Traveling mpya mi imenipoteza, imekuwa ya mtu aliyeshafika anakokwenda. Na nyimbo hazijapangwa kwa miaka, zinarukaruka kwahiyo mgeni hataona mtu alivyokua, atasikia tu mkusanyiko wa hiti zilizong'arishwa. Passion haimo.

Kwahiyo oda yangu: Bad Mode mpya, Fantôme mtumba maana hizo nazo hazina uhaba, Deep River mtumba, na First Love kwa zile yeni mia zilizobaki mfukoni. Ultra Blue istrimu kwanza, ukimaliza Passion bila kuruka ndo ukanunue.