IST used, injini ina uchafu na vitundu visivyoeleweka: tuicheki pamoja kabla hujatoa hela

Haya wadau, habari zenu, karibuni tena. Leo sina gari mpya, nina Toyota IST ya umbo la kwanza, injini 1NZ-FE, cc 1497, na anayetaka kuinunua ni mdogo wangu wa kike. Ameshaipenda rangi, ameshapenda viti, yaani moyoni ameshahamia. Nikamwambia mdogo wangu tulia, tufungue boneti kwanza. Tulivyofungua akashtuka, akasema kaka hii injini mbona chafu hivi, na haya matundu ni ya nini? Na hilo swali naulizwa kila siku na watu wanaonunua gari mkononi kwa mtu, ndo maana nimewasha kamera.

Kabla sijagusa kitu, uchafu wenyewe usikutishe. Gari imetembea Dar miaka yote hiyo, vumbi la Tegeta, matope ya masika, lazima iwe na uchafu. Mi napata wasiwasi zaidi nikikuta injini ya gari kuukuu imeoshwa jana na mashine ya presha, inang'aa, maana hapo ushahidi wote umeondoka na inabidi niiendeshe upya ili inionyeshe inavuja wapi. Huyu kaka mwenye gari hakuiosha, na kwa hilo namshukuru kwa dhati.

Sasa angalieni hapa, nasogeza tochi. Vumbi kavu ukipitisha kidole linatoka kama unga, hilo achana nalo. Hili la upande wa dereva, kwenye mkanda, ni jeusi, nene, linanata, lina manyoya manyoya, hilo ni vumbi lililoshikwa na oili. Na oili inashuka chini, afu feni na upepo wa barabarani vinaisambaza, kwa hiyo pale palipochafuka sana mara nyingi sio panapovuja. Unaanzia kwenye uchafu unapanda nao juu mpaka ufike sehemu ya mwisho yenye unyevu, hapo juu kabisa ndo chanzo. Watu wengi wanabadilishiwa sili ya chini kwa gharama kubwa, gia boksi inashushwa, kumbe oili ilikuwa inatoka kwenye gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, inateleza mpaka chini. Inaniuma sana hiyo.

Kwenye hii nimepanda nikafika sehemu mbili. Ya kwanza ni ukingo wa tapeti kava, una utando mweusi uliogandana. Ya pili ni hapa karibu na cheni, hiki kidude chenye soketi ya waya ni valvu ya VVT-i, ndo inapeleka oili kwenye mfumo wa kubadilisha muda wa valvu. Imeshikwa na bolti moja tu na ndani ina oringi, yaani pete ya raba, raba ikizeeka inakuwa ngumu kama plastiki, oili inapita pembeni. Ipi kati ya hizo mbili inavuja sasa hivi? Kwa macho huwezi kujua. Nikasafisha zote mbili na breki klina, nikaacha zikauke, nikapuliza poda ya mtoto, hii hii ya dukani, afu tukaendesha Mwenge mpaka Tegeta tukarudi. Kucheki: ukingo wa tapeti kava poda bado nyeupe, kwenye VVT-i kuna mstari wa kahawia umeshuka. Kwa hiyo ule utando wa juu ni wa zamani, inaonekana gasketi ilishabadilishwa na hakuna aliyefuta, kinachovuja leo ni oringi. Ni kazi ndogo hiyo, haiwezi kukunyima gari.

Nimechomoa koili zote nne, zile zinazokaa juu ya plagi, nikapitisha kamera ya waya, ile unayochomeka kwenye simu. Naombeni niiseme kidogo, maana mnaniuliza kama inafaa. Kwa mashimo ya plagi inafaa sana, inaona kama kuna oili au maji yamelala mle chini, oili ikiwepo ujue raba za mashimo zimechoka na gari itaanza kumisi, yaani injini inakatakata. Ila ukiisogeza karibu sana na kitu picha inakuwa ukungu, na taa yake ikipiga kwenye chuma kinachong'aa huoni chochote, kwa hiyo usiinunue ukitegemea ikuonyeshe mikwaruzo ya silinda. Hapa mashimo yote manne ni makavu.

Kifuniko cha oili, kwa ndani kina povu kidogo la rangi ya maziwa. Mdogo wangu akasema basi maji yameingia kwenye oili, gasketi ya hedi, ile ya kati ya bloku na hedi ya juu, imekufa. Hapana. Huyu kaka anatoka nyumbani anapeleka watoto shule karibu tu anarudi, injini haipati moto wa kutosha, mvuke unagandia kwenye kifuniko. Chomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, oili ni kahawia safi, haina maziwa. Ingekuwa na maziwa mpaka kwenye dipstiki, na maji ya rejeta yanapungua, hapo ningefunga boneti tukaondoka.

Na hapo kwenye rejeta, subiri injini ipoe kabisa ndo ufungue, usifungue ya moto hata kama muuzaji ana haraka, ule mvuke unaunguza vibaya. Tumefungua, ndani kuna tope la rangi ya kutu. Watu wamekuwa wanajazia maji ya bomba, pengine ya kisima, na visima vya Dar vingi vina chumvi. Kulanti, yaani maji maalum ya kupoozea injini, ya Toyota hizi ni nyekundu au ya pinki, hapa kuna kivuli tu cha pinki. Nikajiuliza, kama maji yanaongezwaongezwa, yanaenda wapi?

Hapa ndo nataka mkae na mimi vizuri. Tumevua tairi la mbele kulia, tukatoa na plastiki ya ndani, nikalala chini na kioo cha mkono. Wota pampu, inayozungusha maji ya kupooza, kwenye injini hii ipo upande wa mkanda, na kwenye bodi yake kuna katundu kadogo, kadogo kweli, mtu asiyejua anadhani bolti imedondoka. Hako katundu kamewekwa kiwandani makusudi. Ndani ya pampu kuna sili inayozuia maji na nyuma yake kuna beringi, sasa sili ikianza kuchoka, maji yatoke kwa hapo nje badala ya kuingia kwenye beringi, na wewe uone alama mapema. Alama yenyewe ni ukoko wa pinki au mweupe, mkavu, kama chumvi iliyoganda kwenye sufuria. Upo huu hapa, unashuka mstari mzima. Na katundu kenyewe kamezibwa na silikoni ya kijivu!

Nikamuuliza, kaka, hii silikoni nani ameiweka? Akasema fundi alimwambia panavuja kidogo akapaziba, na hapajadondoka tone tena. Namuamini, hakuwa anaficha, yeye aliona amesaidiwa. Lakini maji yakikosa pa kutokea yanaenda kwenye beringi, yanaosha grisi, beringi inaanza kulia, siku moja inakwama. Mkanda ni huo huo mmoja unaozungusha pampu na altaneta, kwa hiyo ukikatika chaji inakufa, maji hayazunguki, na injini hii bloku na hedi ni alumini, ikichemsha mara moja vibaya hedi inapinda. Uko zako kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni na watoto nyuma, fikiria. Mafundi wenzangu, nawaomba sana, hako katundu msikazibe, mwambieni mwenye gari pampu imechoka, basi.

Matundu mengine nayapitia haraka. Haya yenye uzi wa bolti kwenye bloku, makavu, hayana kitu, ni ya kufungia breketi za gari nyingine zinazotumia injini hii hii, hayana shida. Hili la chini kabisa, kwenye maungio ya injini na gia boksi, ni la kutolea unyevu, linatakiwa liwe kavu, ukikuta oili ya injini inadondokea hapo, na juu umeshahakikisha pakavu, hapo sasa ndo uwaze sili ya nyuma ya krenki, ule mhimili mkuu wa injini. Oili ikiwa nyekundu na inanukia tofauti, hiyo ni ya gia boksi. Maji meupe yanayodondoka upande wa abiria ukiwasha AC ni ya AC, yaache. Na huu mdomo mdogo kwenye manifodi ya kuingizia hewa, hauna kifuniko cha raba, huo unavuta hewa ambayo haijapimwa, ndo maana sailensi yake, mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inapanda na kushuka. Nimeweka kidole tu imetulia, mmesikia? Kifuniko chake ni kiraba kidogo sana.

Kuna jambo moja mdogo wangu ameambiwa na mtu aliyemletea gari, eti taimingi belti, mkanda wa ndani unaoendesha valvu, imebadilishwa juzi. 1NZ-FE haina taimingi belti, ina cheni. Mtu akikwambia hivyo, yale mengine yote aliyokuambia nenda kayahakikishe upya, ukianzia na kilomita.

Mimi injini hii naikubali. Ukibadilisha oili na filta inakula lita 3.7, spea zipo kuanzia Gerezani ya Dar mpaka mikoani, na kwa hii niliyoiona hakuna kitu kilichokufa ndani. Nimemwambia mwenye gari wazi wazi: wota pampu, mkanda, oringi ya VVT-i, kusafisha rejeta na kuweka kulanti ya kweli, hivyo vitoke kwenye bei, na pampu ifungwe kabla gari haijatoka hapa. Amekaa kimya kidogo, akasema sawa kaka, niandikie. Nimemwandikia. Pampu inaletwa kesho asubuhi, nitawasha kamera tukiifungua ile ya zamani, nataka muione hiyo beringi.