Gripu ya betri: ya Canon au ya kampuni nyingine? Uzoefu wangu na 5D Mark III na 80D

Gripu ya betri ni kifaa kinachofungwa chini ya kamera, kinachobeba betri mbili na kuwa na vitufe vya kupigia picha kwa wima. Kama kamera yako ni Canon 5D Mark III na kazi yako ni harusi, tafuta gripu ya BG-E11 ya Canon yenyewe, hata iwe ya mtumba. Kama ni 80D na unapiga picha za studio, pasipoti au sherehe ndogo za familia, gripu ya kampuni nyingine inaweza kukutosha, ilimradi uipime vizuri kabla hujatoa hela. Nimetumia za aina zote mbili kwenye kamera hizi, na tofauti ninazoziona haziko pale wauzaji wanapopaelekeza.

Wao huanza na chaji. Kwenye chaji tofauti ni ndogo mno. Gripu zote hizi zinabeba betri mbili za LP-E6, na umeme unatoka kwenye betri, si kwenye gripu. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, betri moja iliyojaa kwenye 5D Mark III inapiga kama picha 950, na kwenye 80D kama 960. Weka mbili, unapata karibu mara mbili. Kasi nayo haibadiliki: 5D Mark III inabaki na picha 6 kwa sekunde na 80D inabaki na 7. Wenye Nikon D850 ndio wana sababu ya kuzungumzia kasi, maana gripu yake ya MB-D18 ikiwekewa betri kubwa ya EN-EL18b inaipandisha kamera kutoka picha 7 hadi 9 kwa sekunde. Kwa Canon hizi mbili, anayekuuzia kasi anakuuzia hewa.

Tofauti inaanza chini, kwenye skrubu na mguu. Mguu ni ile sehemu inayosimama juu ya gripu na kuingia kwenye chumba cha betri. Ili kuifunga gripu, unazima kamera, unatoa betri, unafungua kifuniko cha chumba na kusukuma kipini kidogo kilicho kwenye bawaba hadi kifuniko kitoke. Kihifadhi kwenye nafasi yake ndani ya gripu, kisipotee. Kisha ingiza mguu moja kwa moja bila kuulaza upande, na zungusha gurudumu la skrubu kwa kidole gumba hadi ligome. Usilisaidie kwa koleo, utaharibu tundu la tripodi la kamera.

BG-E11 ina mwili wa aloi ya magnesiamu, na ukishaikaza inakaa na kamera kama kitu kimoja. Gripu ya plastiki niliyo nayo ya kampuni nyingine, hata ikikazwa hadi mwisho, ukishika kamera kwa mkono mmoja na gripu kwa mwingine ukapinda kidogo, inacheza. Mchezo huo ndio unaozima kamera katikati ya kazi. Kontakti zilizo kwenye ncha ya mguu zinaachana na za kamera kwa muda mfupi sana, kamera inakata, kisha inawaka tena kama vile hakuna kilichotokea. Ikitokea wakati taa nyekundu ya kadi bado inawaka, picha zilizokuwa zinasubiri kuandikwa zinaweza kupotea. Bibi harusi akiwa anavishwa pete, hutapata nafasi ya kurudia.

Hata gripu nzuri hulegea. Ukiweka begi kwenye bodaboda au kwenye buti la gari kwa barabara mbovu, mtikisiko unarudisha skrubu nyuma kidogo kidogo. Kila unapofika kwenye tukio, kaza tena kabla ya kuwasha. Hii inahusu ya Canon pia.

Jambo la pili, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni mikanda ya begani inayofungwa kwenye tundu la tripodi. Wapiga harusi wengi wanaitumia. Kamera ikiwa na gripu, mkanda huo unafungwa kwenye tundu la gripu, kwa hiyo uzito wote wa kamera na lenzi unaning'inia kwenye skrubu moja ya gripu na kitako chake. EF 70-200mm f/2.8L IS II peke yake ina karibu kilo moja na nusu. Kwenye gripu nyingi za bei ya chini, tundu hilo ni kipande cha chuma kilichopachikwa kwenye plastiki. Plastiki hupata ufa taratibu kuzunguka chuma, na ufa huo huuoni mpaka umulike kwa tochi. Ukiwa na gripu ya namna hiyo, funga mkanda kwenye kola ya tripodi ya lenzi, au tumia mkanda wa kawaida wa shingoni. Usiitundike kamera kwenye gripu ya plastiki, tafadhali.

Twende kwenye vitufe. Kitufe cha kupigia picha kwa wima kinatakiwa kiwe na hatua mbili: unabonyeza nusu kamera ishike fokasi, kisha unamalizia. Kwenye BG-E11 na BG-E14 (gripu ya Canon ya 80D) hatua ya kwanza inasikika kidoleni. Kwenye gripu kadhaa za kampuni nyingine nusu hiyo ni fupi sana, kidole kikigusa tu picha imeshapigwa na fokasi haijafika. Dawa ipo: hamishia fokasi kwenye AF-ON, kitufe cha fokasi kilicho nyuma, kupitia menyu ya vitufe, na kitufe cha mbele kibaki cha kupiga picha tu. Mpangilio huu ni mzuri hata bila gripu, ila hakikisha kwanza kwamba AF-ON ya gripu yenyewe inafanya kazi.

5D Mark III ina pointi 61 za fokasi, na BG-E11 ina kijiti cha kuzihamisha ukiwa umeshika wima. Gripu ya kampuni nyingine ikikosa kijiti hicho, au ikiwa nacho ila upande mmoja hausikii, utalazimika kunyoosha kidole gumba hadi kwenye mwili wa kamera kila unapobadilisha pointi. Kwa picha za wima za maharusi, hilo linakula muda. Kwenye 80D suala hili halipo: kamera yenyewe haina kijiti, na BG-E14 haina pia. Ndiyo maana pengo kati ya gripu ya Canon na za wengine ni dogo zaidi kwenye 80D. Mwenye 90D ajue kwamba BG-E14 inaingia kwenye kamera yake, lakini kijiti kilicho kwenye mwili wa kamera hatakikuta kwenye gripu.

Ukiwa dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, nenda na kamera yako, betri zako mbili na kadi. Funga gripu, pinda, sikiliza kama inalia. Pitisha ukingo wa karatasi kati ya gripu na kitako cha kamera. Ikipenya kwa urahisi upande mmoja na upande wa pili ikagoma, imekaa kombo. Weka kamera kwenye M (unapopanga mwenyewe), kasi ya shata 1/125, zungusha gurudumu la gripu polepole: mbofyo mmoja uende 1/160, unaofuata 1/200. Likiruka au likirudi nyuma, achana nayo. Bonyeza nusu mara nyingi bila kupiga. Kwa 5D Mark III, tembeza pointi ya fokasi hadi pembe zote nne. Fungua ukurasa wa taarifa za betri kwenye menyu na uone kama betri zote mbili zinasomeka kila moja na asilimia yake. Piga mfululizo mrefu huku mkono wa pili ukitikisa gripu. Muuzaji akikukataza kufanya haya, toka.

Kuna kasoro moja ambayo dukani hutaiona: gripu kunyonya chaji kamera ikiwa imezimwa. Jaza betri, andika asilimia, acha gripu kwenye kamera usiku mzima na kamera imezimwa, kisha angalia asubuhi. Ikishuka sana, irudishe wakati risiti bado ina nguvu. Ukiamua kubaki nayo, kila jioni utalazimika kuchomoa betri.

Betri ziwe jozi. Chukua mbili za aina moja na umri mmoja, ziandike namba, zichajiwe pamoja na zitumike pamoja. Ukichanganya LP-E6 iliyochoka na mpya, asilimia kwenye skrini haitakuambia ukweli. Kibebeo (trei inayoingia ndani ya gripu) cha betri sita za AA ni cha dharura tu. Tumia za NiMH za kuchaji, maana sita za volti 1.2 zinakupa 7.2, sawa na LP-E6. Za alkali zinaanza juu lakini zinazidiwa haraka kamera inapovuta umeme mwingi.

Kwa walio Pwani, chumvi na unyevu vinatia kontakti utando wa kijani. 80D inaweza kukuuliza kama betri zina nembo ya Canon wakati ni za Canon kweli, kwa sababu mawasiliano yanapita kwenye gripu chafu. Safisha ncha ya mguu na kontakti za kibebeo kwa pamba ya masikio na spiriti ya isopropili, acha ikauke, kisha rudisha.

Zipo kamera ambazo mtengenezaji hakuzitolea gripu kabisa, kama Canon 800D na familia ya Nikon D5000. Hapo huna cha kulinganisha. Baadhi ya gripu za Nikon hizo zina kebo fupi inayochomekwa kwenye tundu la rimoti ili kitufe cha wima kifanye kazi. Kebo hiyo ndiyo inayokatika kwanza, kwa hiyo ikunje taratibu.

Usichanganye gripu ya kampuni nyingine na gripu feki. Kampuni kama Meike au Newell zinauza kwa jina lao, unajua unachonunua. Feki ni ile iliyoandikwa Canon BG-E11 huku ikiwa plastiki nyepesi. Igonge kwa ukucha na uipime mkononi pamoja na ya kweli ya rafiki. Tofauti utaihisi mara moja.

5D Mark III ilitoka 2012, hivyo BG-E11 za mtumba zipo, na bei yake mara nyingi haiko mbali na gripu mpya ya kampuni nyingine. Kagua nyuzi za skrubu, raba isiwe imebanduka, na bawaba ya mlango wa kibebeo ifunge kwa mlio. Kibebeo cha AA kikikosekana, nunua tu, omba upunguziwe. Kinachotakiwa kuwepo ni kile cha LP-E6, BGM-E11L, kwa sababu bila hicho utabaki unategemea betri za AA.