Niliandika "bila maziwa" mara mbili na kulisema kwa mdomo: uzoefu wangu na chakula cha kuletewa mgonjwa wa tumbo

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki ipoe kabla sijamaliza. Wiki chache zilizopita nilijiandikisha kwenye huduma moja ya kuletewa chakula laini cha watu wanaopona tumbo, mpango wa siku 7, makopo matatu kwa siku. Jina lao silitaji. Ila kilichonipata siku ya nne nataka kila anayeugua tumbo, na kila anayeuguza mtu, akijue kabla hajalipia huduma ya namna hii.

Hali yangu ilikuwa hivi. Nilitoka kwenye kuhara na kutapika kwa siku nyingi mfululizo. Kutapika kulikuwa kumekoma na kuhara kunapungua, lakini miguu haikuwa na nguvu ya kusimama mbele ya jiko hata dakika kumi. Harufu ya mafuta ya moto kutoka kwa jirani ilitosha kunirudisha kitandani. Mtu wa hali hiyo hahitaji karamu. Anahitaji chakula kidogo, chenye joto, kisicho na makali, na anahitaji kumwamini aliyekipika.

Daktari alinipa maagizo matatu, nikayaandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa jokofu. Niendelee kunywa maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, hata nikijisikia nafuu. Nile kidogo kidogo, mara nyingi, nisingoje njaa iume. Na kwa muda nikae mbali na maziwa. Hilo la tatu alinieleza bila haraka, na ndilo lililozaa ugomvi wote huu. Utumbo mdogo kwa ndani una vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, na kimeng'enya cha laktasi, kile kinachovunja sukari ya maziwa, hukaa kwenye ncha zake. Maambukizi yakiingia, ncha hizo huharibika. Seli za utumbo hujijenga upya ndani ya siku chache, lakini laktasi yaweza kuchelewa kurudi, kwa wengine hata wiki kadhaa. Katika muda huo sukari ya maziwa inateremka hadi utumbo mpana ikiwa nzima, inavuta maji, bakteria wanaichachusha, na mtu anarudi kwenye gesi, msokoto na kuhara, akidhani ugonjwa umeanza upya. Haimtokei kila mgonjwa. Mimi ilikuwa imeshanitokea, kwa nusu kikombe tu cha maziwa ya moto niliyoyanywa nikidhani nimepona.

Kwa hiyo kwenye fomu yao, sehemu ya vyakula visivyokufaa, niliandika "bila maziwa". Sehemu ya maelezo ya ziada nikaandika tena, na sababu nikaitoa. Walipopiga simu kuthibitisha oda, nikamwambia aliyepiga: bila maziwa, bila krimu, bila siagi, bila jibini. Akajibu, "Tumelipata hilo dada, ondoa wasiwasi." Nikauondoa.

Nitawatendea haki kwa siku tatu za kwanza, maana zilinifurahisha mpaka nikaanza kuwasifia kwa watu. Uji wao wa mchele unashinda wowote niliowahi kupika mimi. Mchele umechemshwa kwa maji mengi mpaka punje zimepasuka, ukiinua kijiko unateremka taratibu bila donge hata moja, chumvi kidogo tu, na juu yake nyuzi za kifua cha kuku zilizochambuliwa nyembamba kiasi kwamba sikuhitaji kutafuna. Ulifika ukifuka moshi, kifuniko kikitiririka matone kwa ndani. Kwa chakula cha mchele hilo si pambo. Mchele uliopikwa ukikaa saa nyingi kwenye joto la chumba, bakteria aitwaye Bacillus cereus anaota humo na kutoa sumu ambayo hata ukipasha moto upya haitoki. Fikiria mtu anayetoka kuhara akaletewa uji wa vuguvugu uliozunguka mjini tangu alfajiri. Wao hawakunifanyia hivyo hata siku moja.

Na yule kuku juu ya uji aliniambia kuna mtu jikoni anayejua. Watu wengi bado wanamlisha mgonjwa wa tumbo ndizi, wali, tofaa lililopondwa na mkate mkavu, siku nenda siku rudi, ule utaratibu wa zamani unaoitwa BRAT. Havina ubaya, na ndizi na tofaa vina pektini inayosaidia choo kushikana. Lakini vikiwa peke yake protini ni haba na mafuta ni haba, na mgonjwa anazidi kunyong'onyea huku anaambiwa anatunzwa. Siku hizi madaktari wanahimiza mtu arudi kwenye chakula cha kawaida mapema kadiri tumbo linavyokubali. Hawa waliniletea yai la kuchemsha. Waliniletea samaki mweupe wa mvuke, na viazi vilivyopondwa kwa maji yake vyenyewe. Kitunguu hakuna, kitunguu saumu hakuna, na hilo sikuwa nimeliomba. Vitunguu vina wanga ambao utumbo wa binadamu hauwezi kuumeng'enya hata ukiwa mzima, bakteria ndio wanaoula na kujaza gesi, na tumbo lililochubuka halina uvumilivu na gesi. Usiku wa siku ya pili nililala mpaka asubuhi bila kuamka, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuumwa. Ningeulizwa asubuhi ile, ningewapa nyota zote.

Ikaja siku ya nne, mchana. Supu ya karoti.

Nilikuwa naingoja kwa hamu. Mwaka 1908 daktari wa watoto Ernst Moro aliandika juu ya supu ya karoti kwa watoto wachanga wanaohara, karoti zilizochemshwa muda mrefu, zikapondwa, zikatiwa chumvi kidogo, na watu waliitegemea kwa miaka mingi kabla ya dawa za antibiotiki. Karoti, maji, chumvi. Kitu rahisi namna hiyo utakiharibuje? Kwenye lebo ya kopo paliandikwa "supu ya karoti, laini kwa tumbo".

Nilipofungua, upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa na utando mweupe uliojikunja, kama ule unaobaki juu ya maziwa yaliyopoa. Supu yenyewe haikuwa na rangi ya karoti, ilikuwa imepauka. Hapo nilipaswa kusimama. Lakini nilikuwa na njaa, njaa ya kweli ya kwanza baada ya siku nyingi, ile ambayo mgonjwa anaipokea kwa shukrani kwa sababu inamwambia mwili unarudi. Na nilikuwa nimeshawaamini. Nikala vijiko sita, labda saba. Cha mwisho ndicho kilichonizindua, kwa ule utamu mzito unaobaki nyuma ya ulimi. Krimu.

Nilifunga kopo na kukaa kitandani nikisubiri, maana nilijua kinachokuja. Kabla jua halijashuka tumbo lilianza kunguruma, likajaa, likakaza kama ngoma, kisha msokoto ule ule. Nilishinda chooni mpaka giza likaingia. Usiku nilikoroga pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, nikawa nakunywa funda moja moja huku nalia. Maumivu niliyazoea. Nililia kwa sababu siku tatu nilizokuwa nimezipanda ngazi kwa ngazi zilikuwa zimebomoka kwa vijiko saba, na aliyezibomoa nilikuwa nimemwonya.

Kesho yake nikapiga simu. Akapokea kijana mwenye sauti ya mtu aliyekatizwa jambo lake. Nikamweleza yote, taratibu, bila kupandisha sauti.

"Dada yangu," akasema, "supu ikitiwa krimu kidogo ndiyo inakuwa na nguvu. Mgonjwa anataka nguvu."

Nikamwambia sikuagiza nguvu, niliagiza bila maziwa.

"Mbona wengine wamekula na hakuna aliyelalamika?"

"Kaka, mimi siye hao wengine. Naomba ufungue fomu yangu uisome."

Nikamsikia anabonyeza. Kimya. Kisha akasema, na maneno haya nayakumbuka jinsi yalivyotoka: "Ni kweli imeandikwa. Lakini unajua mgonjwa hachagui. Mgonjwa anakula anachopewa."

Mgonjwa hachagui! Mtu anayeishi kwa kuwauzia wagonjwa chakula anatamka hilo kwa mgonjwa. Mimi nikiwa mzima naweza kula chochote, kikinikera leo kesho nimesahau. Nikiwa nimetoka kuharisha wiki nzima, mwili hauna akiba ya maji wala ya chumvi ya kupoteza tena. Mgonjwa ndiye anayechagua kuliko watu wote, kwa sababu kosa la kijiko kimoja analilipa yeye usiku kucha. Na nilikuwa mtu mzima mwenye simu mkononi na maji ndani. Angekuwa mtoto mdogo je, ambaye upungufu wa maji unamzidi haraka na hajui kusema tumbo linamfanyaje? Angekuwa mzee anayeishi peke yake, anayekula anachopewa kweli kwa sababu haoni vizuri kusoma lebo?

Hapo nikaelewa tatizo lao. Kwa huyu kijana, na kwa aliyebandika ile lebo, "laini" maana yake kimepondwa. Kikipita kwenye meno bila shida, basi ni laini. Sivyo. Krimu haina hata haja ya meno, na utumbo wangu haukuiweza. Mafuta mengi huchelewesha chakula kutoka tumboni, ndiyo maana mtu mwenye kichefuchefu akinywa supu ya krimu anakaa nayo kifuani saa nzima. Juisi ya matunda ni maji kabisa, lakini ile sukari yake nyingi inaweza kumzidishia anayehara. Ulaini unaopimwa ni wa utumbo, na utumbo wa kila mgonjwa una habari zake, ndiyo sababu kuna fomu. Kama fomu haisomwi, waifute, wauze supu kama wauzaji wengine wa supu.

Akaniahidi kopo moja la ziada kufidia. Nikamwuliza la nini, akasema, "La supu hiyo hiyo, tutaitoa krimu." Simu ile ilichukua karibu dakika ishirini na ndani yake sikusikia neno pole hata mara moja. Mtu akijikwaa njiani, asiyemjua humwambia pole. Mimi niliugua kwa mkono wao nikaelezwa habari za nguvu.

Makopo yaliyobaki niliyapokea kwa sababu nilikuwa nimeshalipa na bado nisingeweza kupika. Nilikuwa nafungua kila kifuniko, nanusa, nachovya ncha ya kijiko, nangoja. Chakula chenyewe kilikuwa kizuri kama zile siku za kwanza, na hilo lilinikera zaidi. Kwa wali laini na kuku nilioula siku ya sita sina neno baya la kusema, ila niliula ukiwa umeshapoa, kwa hofu. Wakati huo nilikuwa nimeshaamua kutoa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikubaliki.

Siku ya saba, kopo la mwisho. Uji wa mchele tena. Kijana aliyeleta alilikabidhi kwa mikono miwili, akasema jikoni wamemwambia asiliinamishe. Juu ya kifuniko, kando ya lebo yao iliyochapwa, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene ya bluu, kwa herufi za mduara ambazo mvuke ulikuwa umeanza kuzitawanya: "HAINA MAZIWA. Ugua pole."

Nilisimama mlangoni nalo muda mrefu. Neno nililolisubiri kwenye simu liliandikwa na mtu ambaye sijawahi kumsikia sauti, pengine mpishi, pengine aliyefunga makopo tu. Nilikula uji wote bila kunusa.

Halafu, ukweli niuseme, hasira ikarudi. Kumbe inawezekana. Kumbe kalamu ipo, na mtu wa kuandika yupo, na nafasi kwenye kifuniko ipo. Ilikuwepo siku ya nne pia. Je, ilibidi kwanza nishinde chooni ndipo maneno yangu yatoke kwenye kompyuta na kufika jikoni? Swali hilo sina wa kulijibu, maana nambari yao ukipiga unampata yule yule.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ningeagiza tena, nasema hapana. Ukiniuliza nikiwa mgonjwa tena, siwezi kusimama, na mtu wa kunipikia hayupo, nadhani ningeagiza uji ule na uji ule tu, na kifuniko ningekikagua. Kile cha mwisho nimekiosha, kiko kwenye rafu, neno moja la wino limefutika na la "pole" bado linasomeka.

Nyota mbili. Uliyeandika kwa kalamu ya bluu, zote mbili ni zako. Yule wa simu hana hata moja.