Kulala kwenye nyumba ya familia Shela, Lamu: uzoefu wangu

Nilikwenda Shela na mama yangu mwishoni mwa kaskazi, joto likiwa kali, tukachukua chumba kwenye nyumba ya mawe iliyo mstari wa mbele kabisa, zile ambazo siku za bamvua maji yakijaa yanagonga ukuta. Mwenye nyumba ni bibi wa makamo anayeishi humo humo na binti yake na wajukuu, na vyumba vya wageni ni vinne tu. Ameniomba nisiitaje nyumba yake kwa jina mtandaoni, maana anapenda wageni wanaoelekezwa na mtu aliyewahi kulala kwake. Nimeliheshimu ombi lake. Nyumba za namna hii zipo kadhaa Shela na Lamu mjini, na anayetaka kulala kwenye mojawapo atafaidika kujua mambo yalivyo.

Ukija kwa ndege unashukia Manda, kisiwa cha jirani, na kuvuka kwa boti. Sisi tulipanda basi kutoka Mombasa, tukapita Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, gatini upande wa bara, unakopandia boti. Njia ni ya lami siku hizi, ila vizuizi vya polisi ni vingi, kitambulisho kiwe karibu. La kuuliza kabla ya kufika ni maji yatakuwa wapi saa hiyo. Yakiwa yamejaa, boti inakufikisha hadi kwenye ngazi za nyumba. Yakiwa yamepwa unashushwa mbali na kutembea na mizigo yako juu ya mchanga uliolowa. Tulipokuwa Witu bibi mwenyewe alipiga simu: "Msikimbilie boti ya kwanza, mwanangu. Nyweni chai kwanza hapo Mokowe, maji yanajaa." Alikuwa ameshaambiwa kwamba mama ana matatizo ya magoti. Hoteli zote nilizowahi kulala, hakuna iliyowahi kunifikiria hivyo kabla hata sijafika.

Sasa nyumba yenyewe. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba kwenye uwazi wa dirisha mtu anakaa na kunyoosha miguu. Juu ya kichwa zimepangwa boriti za mikoko, moja baada ya nyingine, na kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi pana, vyumba vyote ni vyembamba na virefu. Mwanzoni mama aliona chumba kimebana. Saa saba ya mchana, nje mchanga ukichoma nyayo, ndani tulilala bila kuwasha pangaboi, akaacha kulalamika. Kuna kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati ya nyumba, wazi mpaka mbinguni, na hewa yote inazunguka kupitia hapo. Ukikaa kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, upepo wa baharini unakupita ukielekea ndani.

Ukuta mmoja wa chumba chetu ulikuwa na vidaka, vishubaka vya ukutani, kutoka chini hadi karibu na dari, vile vya chokaa vilivyochongwa kwa mkono. Zamani matajiri wa Lamu walipanga humo vyombo vya kaure kutoka Uchina. Nyumba nyingi zilizogeuzwa hoteli huweka sahani mbili za mapambo na taa ya rangi. Hapa vidaka vinatumika. Kimoja kina msahafu, kingine chetezo, vya chini vimejaa madaftari ya shule ya mjukuu wa kike, naye alibisha hodi jioni moja kuja kuchukua la hesabu. Mimi hilo ndilo lililonifanya niipende nyumba ile kuliko mahali popote nilipowahi kulipia kitanda. Lamu mjini iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo, na hata kabla, nyumba nyingi za mawe zimenunuliwa na watu wa mbali ambao huja wiki chache kwa mwaka. Jengo linabaki zuri, limepakwa chokaa jipya, lakini mlango umefungwa na darini hakunuki mchuzi. Pesa yangu naipeleka kwa aliyebaki.

Bafuni msishangae. Pamoja na bomba kuna birika la zamani la chokaa lililojaa maji, na ndani yake wanaogelea samaki wadogo. Kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Unachota kwa kata na kuoga pembeni, na sharti kubwa la nyumba ni kwamba sabuni isiingie birikani, wala mkono wenye mafuta. Mjukuu wa kiume ndiye mwenye samaki wale, na alituonyesha mmoja mwenye doa mkiani ambaye kwa maneno yake ni mzee kuliko wote. Mbu tuliwasikia wachache sana, ingawa chandarua kipo na mkitumie.

Maji yenyewe ni ya kutumia kwa adabu. Maji matamu ya kisiwa yanatoka visimani, chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo hunywa mvua na kuihifadhi. Ndiyo maana wenyeji wanakasirika mtu akitaka kujenga juu ya vilima vile. Bomba lilikauka jioni moja tukiwa tumeshajipaka sabuni na hakuna aliyekuwa ametuonya. Birika lilituokoa, lakini mgeni angeambiwa ratiba ya maji siku ya kwanza.

Lalamiko langu la pili ni la chakula, na si la ladha. Chai ya asubuhi imo kwenye bei: mahamri, mbaazi za nazi, papai, chai ya tangawizi. Chakula cha mchana na cha usiku ni hesabu nyingine, nasi hatukuambiwa mpaka siku ya kulipa. Bei haikuwa mbaya, ila ukubaliane mapema. Nilimwambia bibi waziwazi, akakubali na kusema ataandika karatasi aiweke chumbani.

Ladha sasa. Jiko liko juu kabisa, chini ya makuti, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba hizi ili joto na moshi viondoke na upepo. Asubuhi unaulizwa utakula nini, kwa sababu samaki hununuliwa mashua zikirudi. Tulikula changu wa kupaka, tui limekaukia kwenye ngozi iliyoungua kidogo makaani, na ukwaju uliotiwa kwa kipimo. Mama alipanda ngazi siku iliyofuata, magoti na yote, akakaa kwenye kibao cha mbuzi na kukuna nazi. Nilimsikia akiuliza, "Mwenzangu, ukwaju unautia lini?" Akajibiwa, "Tui likishapoa moto wa kwanza. Ukiutia mapema linakatika." Mchana mzima sikumwona tena.

Baada ya magharibi watu hukaa barazani. Bibi aliposikia tunatoka Mombasa alicheka, akatusimulia vita vya Shela vya mwanzoni mwa karne ya 19, Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walipokuja na watu wa kisiwa cha Pate kuipiga Lamu. Walishindwa, wakakimbilia vyombo vyao, wakakuta maji yamepwa na vyombo vimekaa mchangani. "Hapo hapo mnapooga nyinyi," alisema, akinyoosha kidole. Baada ya vita vile Lamu ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na ngome ya mjini ikamalizwa 1821. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye mnara mrefu unaouona ukiwa bado botini, ni wa 1829. Kutoka nyumba ile adhana ya alfajiri unaisikia vizuri mno, mwenye usingizi mwepesi ajue. Punda nao huanza kulia mapema.

Mpwa wake ni nahodha, akatupeleka Takwa, ng'ambo, kisiwani Manda. Ni mji wa magofu uliohamwa mwishoni mwa karne ya 17, na watu wake walihamia Shela. Mashua huingia kwa mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko, na hupiti ila maji yamejaa, kwa hiyo ukichelewa kuondoka umekwama. Kuna kaburi la mnara ambako watu wa Shela bado huenda kuomba mvua. Nahodha alilizungumzia kaburi lile kwa sauti ya mtu anayezungumzia jamaa yake, akavua kofia.

Chumba cha watu wawili tulilipa shilingi 6,000 kwa usiku. Choo na bafu tulishirikiana na chumba cha jirani. Ngazi ni za mwinuko mkali na hazina pa kushika, kwa hiyo mwenye mtoto mdogo au mzee aombe chumba cha chini, nao watampa bila neno. Hakuna kiyoyozi, hakuna televisheni, intaneti inakuja na kwenda. Pombe haiingii, na ukirudi kutoka pwani jifunge leso au vaa shati, kuna watu wazima barazani. Anayetaka kufika usiku wa manane na kupokewa na mtu asiyemjua aende hotelini, zipo nzuri.

Mwezi wa tano mvua zikikaza, nyumba nyingi za Shela hufunga, na wakati wa Maulidi kisiwa kizima hujaa, weka nafasi mapema sana. Mama ameshampigia bibi yule akaweka chumba cha chini kwa ajili ya mwezi wa nane, safari hii na shangazi yangu, na mimi wameniambia nitafute pa kulala mwenyewe.